Kache ya diski inapokosea hesabu: umwamini karani au alama ya maji?

Nyumba moja ya wageni katika mji wa kale wa Lamu ina kompyuta ndogo, haizidi kiganja, iliyokaa kwenye kidaka cha ukutani ambamo zamani zingekaa sahani za kaure. Kazi yake ni kuwatunzia wageni na manahodha vigae, yaani vipande vidogo vya picha, vya ramani ya visiwa, kuanzia Shela na Manda hadi Pate na Kizingitini, ili kila simu isivute picha zilezile upya kwa bando. Vigae navichora kutoka data ya OpenStreetMap kwenye seva ya mbali, na programu inayovihifadhi hapa niliiandika mwenyewe, kwa hiyo lawama zote ni zangu. Kadi ni ya GB 32. Kache, yaani ghala hilo la vigae vilivyokwisha kuvutwa, niliipa kikomo cha GB 8.

Asubuhi moja mwenye nyumba akanipigia. "Mwanangu, ramani yako imegoma." Nikaenda. Ukurasa wa hali ulisema kache haijafika hata GB 2. Kadi yenyewe ilikuwa imejaa pomoni, hakuna nafasi hata ya kuandika mstari wa kumbukumbu. Nikaitengeneza kwa haraka, nikarudi nyumbani nikijipongeza. Bando la mwezi uliofuata likaisha siku ya tisa. Safari hii programu iliapa kwamba kache ina GB 8, na kwenye kadi hazikuwapo hata MB 400. Kila kigae kipya kilipoingia, ilitosa vingine baharini ili kupata nafasi, kisha ikavivuta tena vilipoombwa.

Ni ugonjwa mmoja: baiti zinazoaminiwa na programu zimeachana na baiti zilizoko. Hasara zake ndizo hazifanani. Hesabu ikipungua chini ya ukweli, diski inajaa na kila kitu kwenye mashine kinaanguka, hata visivyohusika na kache. Ikizidi ukweli hakianguki kitu. Kache inakuwa pambo, nawe unalipa kimyakimya. Ndiyo maana katika ulinganisho huu siulizi kwanza ni njia ipi sahihi zaidi. Nauliza ikikosea itaegemea upande gani, na kama itajirudi yenyewe au itangoja mtu apigiwe simu.

Mzigo ukipakiwa botini kwenye gati la Mokowe, kuna namna mbili za kujua chombo kimebeba kiasi gani. Karani asimame na daftari, aandike kila gunia linaloingia na kila linaloshuka. Au nahodha atazame ubavuni, maji yamefika wapi. Njia zote nitakazozitaja ni huyu, au yule, au wote wawili.

Kwanza, unapima nini?

Wengi hurukia kurekebisha kujumlisha kabla ya kuamua kinachojumlishwa. Faili la baiti 103 lina urefu wa baiti 103. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, yenye bloku (vipande vya kutengea nafasi) za baiti 4,096, ambayo ndiyo hali ya kawaida, linakalia baiti 4,096. Na ramani ya kwetu sehemu kubwa ni bahari: kigae cha buluu tupu hakifiki baiti 200. Tuseme una vigae 100,000 vya baiti 103 kila kimoja. Kwa urefu ni MB 10.3. Kwa bloku ni MB 409.6. Karibu mara arobaini, na hakuna mstari hata mmoja wa programu uliokosea kujumlisha. Hili ndilo lililochangia zaidi kujaza kadi yangu.

Kwenye Linux, stat inakupa vyote viwili: st_size ni urefu, st_blocks ni idadi ya vipande vya baiti 512 vilivyotengwa. Amri ya du huhesabu kilichotengwa. Ukiiongezea --apparent-size inahesabu urefu. Nimewahi kumaliza jioni nzima nikigombana na du, kumbe kila mmoja wetu alikuwa anapima kitu chake.

Programu zinazoheshimika zimechagua tofauti. nginx, seva ya wavuti, inapotunza majibu kwenye diski huhesabu kwa bloku nzima. DiskLruCache, maktaba ya Java inayojulikana sana kwa watengenezaji wa programu za Android, huhesabu urefu, na maelezo yake yanakuonya waziwazi kwamba kikomo hakijumuishi gharama za mfumo wa faili wala daftari lake, kwa hiyo ujiwekee kikomo cha chini. Zote mbili ni sawa. Ambacho si sawa ni kuongeza kwa urefu na kupunguza kwa bloku, na hilo hutokea kirahisi pale aliyeandika sehemu ya kuhifadhi siye aliyeandika sehemu ya kufuta.

Mambo mawili ya kupita haraka. GB 8 za duka ni baiti 8,000,000,000. GB 8 za kuzidisha kwa 1,024 ni 8,589,934,592. Tofauti ni karibu MB 590, chagua moja na uiandike. La pili, ext4 ikitengenezwa kwa mipangilio ya kawaida hutenga nafasi ya faili moja kwa kila baiti 16,384 za diski. Kache ya mafaili madogo inaweza kumaliza idadi hiyo ilhali baiti zingali tele. Amri ya df -i ndiyo itakayokuonyesha, si df peke yake, ambayo huonyesha nafasi tu.

Jumla ya kichwani

Hii ni njia ya karani. Kuna namba moja kwenye kumbukumbu ya programu (RAM); ukiweka unaongeza, ukifuta unapunguza. Kwa kasi haina mpinzani, maana kujua umefika wapi ni kusoma namba moja tu. Na ndiyo makao ya hitilafu karibu zote ninazozijua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hitilafu iliyonimalizia bando ni ya kuandika juu ya kilichopo. Kigae kikisasishwa, programu iliongeza ukubwa mpya bila kutoa wa zamani. Kilichotakiwa ni hiki:

jumla = jumla + ukubwa_mpya - ukubwa_wa_zamani

Inaonekana rahisi mpaka uulize ukubwa wa zamani unautoa wapi. Ukiupima kwenye diski wakati wa kufuta, unaweza kupata namba tofauti na ile uliyoongeza siku ya kuweka: labda faili lilibanwa baadaye, labda mtu aliligusa. Kilichoandikwa wakati wa kuingia ndicho kitolewe wakati wa kutoka. Kwa hiyo kila kiingizo, yaani kila kitu kilichohifadhiwa, kibebe ukubwa wake kwenye faharasa (orodha ya vilivyomo), na mtu asipime upya katikati ya njia.

Ya pili ni kufuta. Nyuzi mbili za programu zinazokwenda sambamba zinaona kache imejaa, zote zinachagua kigae kilekile cha zamani, zote zinakifuta, zote zinapunguza. Faili moja limetoka, hesabu imepunguzwa mara mbili. Kufuta faili ambalo halipo kwa kawaida hurudisha kosa, na programu nyingi hulimeza kosa hilo kwa nia njema. Dawa yake ni kwamba anayepunguza ni yule tu aliyefanikiwa kukiondoa kiingizo kwenye faharasa akiwa ameshika kufuli. Aliyefika na kukuta hakuna, aondoke mikono mitupu.

Halafu kuna kuandika kunakokatika katikati. Ukiongeza jumla kabla ya kuandika na diski ikakataa, umehesabu gunia lililoanguka majini. Andika kwenye faili la muda, kisha libadilishe jina kwa rename; ndani ya mfumo mmoja wa faili kwenye Linux, msomaji ataona la zamani au jipya, hataona nusu. Jumla iguswe baada ya hapo. Ila faili la muda lenyewe linakalia nafasi, na umeme ukikatika kabla ya kubadilisha jina, linabaki pale bila mwenyewe, halipo kwenye faharasa wala kwenye jumla. Kadi yangu ilikuwa na maelfu ya yatima hawa. Yape kiambishi chao au folda yao, na uyafagie kila programu inapoanza.

Mwisho ni aina ya namba. Katika Java, int ikipita 2,147,483,647 inageuka hasi. Kache inajiona ina chini ya sifuri na haitosi kitu mpaka diski ijae. Ukitumia namba ya biti 64 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi) katika lugha inayoiacha izunguke, sifuri ukitoa moja inakuwa 18,446,744,073,709,551,615. Kache inajiona imebeba dunia nzima na inatosa kila kitu. Nimeona watu wakiliponya hili kwa mstari mmoja: jumla ikiwa chini ya sifuri, ifanye sifuri. Huko ni kumziba karani mdomo. Jumla iliyoshuka chini ya sifuri ni ushahidi, iandikwe kwenye kumbukumbu za matukio (logi) na iwe sababu ya kupima upya.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba makosa yake hayafi. Baiti 4,096 zilizopotea leo zitakuwa zimepotea hata mwakani, na kila siku inaongeza za kwake, mpaka programu izimwe na kuwashwa. Kama jumla umeihifadhi kwenye faili ili iendelee baada ya kuwasha, basi umelihifadhi na kosa.

Kupima upya

Nahodha anatazama ubavu. Pitia folda yote, jumlisha ulichokuta. Hakuna kosa linalodumu kupita kipimo kinachofuata, na msimbo wake unaingia kwenye mistari kumi.

Bei yake inafuata idadi ya mafaili, si ukubwa wao. Mafaili 200 ya video ni kufumba na kufumbua. Vigae 300,000 kwenye kadi ya bei rahisi ni mateso, na ukifanya hivyo kila unapoweka kigae kipya umeua kache kwa mkono wako. Pia kipimo si cha papo hapo: ukiwa katikati ya folda, vingine vinaingia nyuma yako na vingine vinafutwa mbele yako.

Kuna na mtego mmoja ambao hata wazoefu unawanasa. Kwenye Linux, faili likifutwa huku programu fulani ingali imelifungua, jina linatoweka lakini nafasi hairudi mpaka aliyelifungua alifunge. Hapo du inasema kuna nafasi na df inasema hakuna, na zote zinasema kweli. Ukikuta hali hiyo, kujumlisha kwako hakuna kosa. Kuna mahali umesahau kufunga faili.

Daftari la kando

Badala ya kupima folda kila unapowasha, unaandika kila tukio kwenye faili moja na kulisoma mwanzo. DiskLruCache hufanya hivi kwa mistari ya aina nne. DIRTY inaandikwa kabla ya kuanza kuandika kiingizo, CLEAN baada ya kumaliza, pamoja na ukubwa. READ na REMOVE zinajieleza. Uzuri uko kwenye DIRTY. Umeme ukikatika, mstari wa DIRTY usiofuatwa na CLEAN au REMOVE unakuambia hasa ni mafaili gani ya kufuta, bila kupekua folda. Squid, seva ya kache ya wavuti, nayo ina daftari lake, swap.state, na likipotea hulijenga upya kwa kupitia folda zenyewe.

Nalipenda wazo hili, lakini sikulichagua. Daftari linakua, lazima ulifupishe mara kwa mara (DiskLruCache husubiri angalau matukio 2,000 yasiyo na kazi tena), na kufupisha ni sehemu nyingine ya kukosea. Kama lugha yako ina maktaba iliyokomaa inayofanya hivi, itumie. Kuandika lako kutoka mwanzo kwa ajili ya kache ya nyumba ya wageni ni kujenga jahazi ili kwenda Shela.

Hifadhidata ya SQLite

SQLite ni hifadhidata inayokaa ndani ya faili la kawaida. Kila kiingizo ni mstari kwenye jedwali, na ukubwa wake ni safu mojawapo. Kuandika juu ya cha zamani, kufuta na kubadilisha jumla vinaingia ndani ya muamala mmoja: ama vyote vimetokea, ama hakuna kilichotokea. Hata hitilafu ya nyuzi mbili inakufa hapa, kwa sababu wa pili atakuta mstari haupo. Ukitaka jumla, unaijumlisha safu, au unaweka triga (amri inayojiendesha yenyewe ndani ya hifadhidata) inayoitunza namba hiyo kila mstari unapoingia au kutoka. Maktaba ya DiskCache ya Python hutumia triga hizo, na bado waandishi wake waliweka kazi iitwayo check inayolinganisha jumla iliyotunzwa na jumla ya mistari, kisha mistari na mafaili yaliyoko. Hata wenye miamala hawakumwamini karani peke yake.

Sababu ni kwamba muamala unalinda hifadhidata, haulindi faili lililo nje yake. DiskCache huweka vitu vidogo ndani ya SQLite, na kwa kawaida vinavyofika KB 32 huvipeleka kwenye mafaili. Hapo kuna vitabu viwili tena. Kama vitu vyako vyote ni vidogo, viingize ndani kabisa: waandishi wa SQLite walipima vitu vya takriban KB 10 na kukuta kusoma na kuandika ndani ya hifadhidata ni kwa haraka zaidi kwa karibu asilimia 35 kuliko mafaili mojamoja, na nafasi inayotumika ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Ule upotevu wa bloku nzima kwa baiti 103 za bahari unaondoka. Watu wa ramani walikwisha kulijua hili. Muundo wa MBTiles ni SQLite iliyojaa vigae.

Kinachokera ni kwamba ukifuta mistari, faili la hifadhidata halipungui. Kurasa zilizoachwa zinasubiri kutumika tena. Jumla ya mistari itasema GB 3, faili litasema GB 8, na ukiamuru VACUUM ili kulipunguza, inaweza kuhitaji nafasi tupu hadi mara mbili ya faili lenyewe, yaani wakati ule ambao huna nafasi. Kwa hiyo kikomo kipimwe kwa ukubwa wa faili pamoja na lile la WAL (faili la kando ambamo SQLite huweza kuandika mabadiliko kwanza), si kwa jumla ya mistari peke yake.

Kuiachia diski

Tenga sehemu ya diski ya GB 8 kwa kache peke yake, na andika mpaka ikatae. Ikikataa, futa vya zamani, jaribu tena. Huna jumla ya kutunza, kwa hiyo huna jumla ya kukosea, na kache haiwezi kuangusha mashine nzima. Kwenye seva unayoimiliki ni njia ya kiume kabisa. Kwenye simu ya mtu haiwezekani, na kwenye kompyuta ambayo mwenye nyumba anaweza kubadilisha kadi wakati wowote, hutataka kumwelezea jinsi ya kugawanya diski.

Sasa uchague

Kama kache yako ina mafaili machache makubwa, mfano masomo ya video ya shule, usijisumbue: pima upya kila unapoweka kitu. Kama michakato (programu zinazoendeshwa) kadhaa inaandika kwenye kache moja, nenda SQLite, maana jumla ya kichwani haivuki kutoka mchakato mmoja hadi mwingine. Na kama una vitu vingi vidogo vya mchakato mmoja, hali yangu, chaguo la kweli liko kati ya SQLite yenye kila kitu ndani na mseto: jumla ya kichwani kwa kazi ya kila dakika, kipimo kamili programu inapoanza, na kingine polepole usiku. Mseto huu si ugunduzi. nginx ikiwaka ina mchakato unaopakia taarifa za kache kidogokidogo, kwa kawaida vitu 100 kwa mkupuo, ili usiizibe diski. ccache, kache ya matokeo ya kukusanya msimbo, hutunza takwimu zake kila inapotumika, na amri yake ya kusafisha huzihesabu upya.

Nilichukua mseto, kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: mafaili ya kawaida naweza kuyatazama kwa macho nikiwa nimekaa barazani na simu, bila kufungua hifadhidata. Ningeanza leo, ningechukua SQLite.

Ukichagua mseto, usiiache hesabu ifike ukingoni. Squid kwa kawaida huanza kupunguza mzigo ikipita asilimia 90 na huongeza kasi kwenye 95. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo inayomeza makosa madogo kabla ya kipimo kinachofuata. Na kipimo cha usiku kikikuta tofauti, kisiisahihishe kimyakimya: kiandike ilikuwa baiti ngapi na upande gani. Tofauti inayoegemea upande mmoja kila usiku ni hitilafu ya msimbo. Inayotokea tu baada ya umeme kukatika ni mabaki.

Kuhusu majaribio, andika jaribio linaloweka, kufuta na kubadilisha vitu kwa bahati nasibu mara elfu kadhaa, na kila baada ya hatua mia lilinganishe jumla na kipimo cha diski. Hitilafu ya kuandika juu ya cha zamani ilijitokeza ndani ya sekunde moja, nami nilikuwa nimeishi nayo wiki nzima. Kuiua programu kwa kill -9 ni jaribio zuri la mafaili ya muda, ila halifanani na umeme kukatika, kwa sababu kernel (kiini cha mfumo wa kompyuta) ingali hai na itaandika ilichokuwa imekishika. Kwa hilo inabidi uchomoe waya. Nilichomoa mara ishirini mezani kwangu, mke wangu akiuliza kama hiyo ndiyo kazi ninayolipwa.

Kompyuta ya kwenye kidaka sasa hupima saa tisa usiku. Jana tofauti ilikuwa 0. Juzi, baada ya umeme kukatika wakati wa kusi kali, kufagia kwa kuwasha kuliandika baiti 12,288: mafaili matatu ya muda, yote ya bahari.